Mikono Iliyoishia Begani

Jumatatu asubuhi dobi wa kituo cha uzazi alibana vibanio viwili mdomoni, akachukua shuka la kwanza na kuinua mkono kuelekea kamba. Mkono ukagoma begani. Wa pili nao ukaishia hapohapo. Akapanda juu ya ndoo, akaanika.

Nesi alimkagua akasema mifupa ni mizima. Yeye mwenyewe hakuifikia rafu ya dawa. Kufika saa nne ilijulikana kuwa wanachama wote mia mbili wa ushirika unaomiliki kituo wako hivyo, isipokuwa wajumbe wa bodi. Karani alieleza kwamba Jumamosi bodi ilifuta kifungu kinachosema katiba hubadilishwa na wanachama kwa kunyoosha mikono, ikaandika kwamba hubadilishwa na bodi. Watu saba, hata timu ya mpira haitimii.

Dobi aliumwa na hilo kuliko bega. Jengo lile wanawake wa mtaa walilijenga kwa kubeba matofali kichwani, yeye akiwa na mimba ya bintiye. Sasa binti huyo alikuwa na mimba ya miezi minane, na bodi ilikwisha kuamua wadi ya wazazi iwe ukumbi wa semina.

Alimkuta mwenyekiti akishusha faili kutoka juu ya kabati, bila taabu.

"Mama, nyie mna shughuli nyingi. Tumewapunguzia mzigo."

"Tulipoubeba kichwani hukuja kutupunguzia."

Mwenyekiti akamwambia kwa upole alete pingamizi mkutanoni. Dobi alijua anapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, lakini alikwenda.

Alhamisi ua ulijaa. Mwenyekiti alisema anayepinga wadi kufungwa anyooshe mkono. Watu walijikakamua, wakasukumana viwiko. Hakuna mkono uliopita bega. Dobi akapaza sauti kwamba anapinga. Akajibiwa kuwa kelele si kura.

"Andika," mwenyekiti alimwambia karani, "hakuna aliyepinga."

Karani, naye mwanachama, akaandika. Kuandika hakukuhitaji bega.

Wiki ya tatu binti alishikwa na uchungu. Walipofika, wadi ilikuwa imepangwa viti na semina ya kushirikisha jamii inaendelea. Alijifungulia barazani, chini ya dirisha la wadi, dobi akimshika mgongo. Mkunga alimpokea mtoto akiwa amepiga magoti, maana huko chini mikono yake ilitosha.

Mtoto alipolia, mwenyekiti, aliyekuwa ndani kwenye semina, aliinuka kitini, akanyoosha mkono juu, akafunga dirisha.