Tik-tik ya Barabara ya Mashariki

Ofelia Bertorello, mkuu wa mitambo wa ushirika wa simu hapa Colonia Brunetta, aliuambia mkutano wa wanachama kwamba televisheni itapita kwenye nyaya zilezile za simu walizotandaza baba zetu. Watu walicheka. Yeye aliendelea kufyonza chai yake chungu kwa mrija, akasubiri wamalize.

Mjini kazi ilikwenda vizuri. Vikasha vya kupokelea picha vilifungwa kwenye televisheni, picha zikawa safi, hata mimi niliyekuwa napokea simu ofisini nikaanza kupiga miayo. Kisha zikaunganishwa nyumba za wafugaji wa barabara ya mashariki, na simu za malalamiko zikawa hazikomi. Picha inaganda, inaruka, inaganda. Aliyelalamika kuliko wote alikuwa Mzee Eusebio Racca, mwenye ng'ombe wa maziwa.

"Mwambie huyo injinia wako," aliniambia, "mpiga penalti anakimbia tangu mchana, mpaka sasa hajaufikia mpira."

Mwenyekiti alitaka wale wa mashariki warudishiwe madishi yao ya zamani ya setilaiti. Ofelia akakataa.

"Waya ni mzima, nimeupima mwenyewe. Kuna kitu kinauingilia, na nitakipata." Akanigeukia. "Njoo unishikie ngazi."

Tulianzia kwa Racca. Mkewe, Irma, alitukaribisha sebuleni. Ofelia hakuigusa televisheni. Aliinua simu ya mezani, akasikiliza, akanipa. Nyuma ya mlio wa kawaida kulikuwa na tik, halafu tik, halafu tik. Kila ilipolia, picha ilishtuka.

Alitoka nje, akaufuata waya nguzo kwa nguzo hadi malishoni. Hapo palikuwa na ua wa umeme wa Racca, ule unaowapiga ng'ombe shoti ndogo wasitoroke, nao ulikuwa ukilia tik kwa mpigo uleule. Chuma chake cha kupeleka umeme ardhini kilikuwa kimepigiliwa chini ya nguzo yetu.

"Mzee, ua wako ndio unaharibu picha," Ofelia alisema.

"Kwa hiyo na ng'ombe wangu wanatazama mechi?"

"Uzime kidogo tu."

"Sizimi. Nyaya zenu zimeoza, sasa mnatafuta wa kumsingizia."

"Uzime. Nikiwa nimekosea, nitasimama mkutanoni niseme nimeshindwa."

Hilo lilimpendeza. Akazima. Irma akapaza sauti dirishani: picha imetulia. Racca akawasha, Irma akasema inaruka tena. Akazima, akawasha, akazima, kisha akakaa juu ya pipa.

Sisi tukimtazama yeye, ng'ombe walikuwa wameshagundua kwamba ua hauna umeme. Mitamba kadhaa walikuwa shambani kwa jirani, wanatafuna majani yake. Tuliwakimbilia sote, Ofelia mbele, vifaa vikigongana kiunoni, Racca nyuma akihema na kucheka.

"Binti, ungeniambia mapema kwamba televisheni yenyewe ni ya kukimbizana hivi."

Jioni ile alikihamishia chuma chake upande wa pili wa malisho, mbali na nguzo, na ushirika ukabadilisha kipande kile cha waya kwa waya ulio na kinga nzito zaidi. Nyumba zile zikatulia. Wafugaji wengine wenye ua kama ule, Racca mwenyewe ndiye aliyewapitia mmoja mmoja, akiwafundisha kwa sauti ya mtu aliyegundua jambo.

"Muache," Ofelia aliniambia. "Ananipunguzia kazi."

Kisha akafungua ramani ya barabara ya kusini, ambako nyumba ziko mbali mno na mtambo wetu, akaanza kutafuta mahali pa kuweka kituo kingine.