Siku Ishirini Zilizopotea

"Mto huu hauthubutu kufurika kabla mafundo yangu hayajatimia!" Dhadho alisema, akiinua kamba juu kama samaki aliyemvua mwenyewe.

Watu wa Ozi walicheka, kisha wakaenda kuchukua mbegu. Kamba ilikuwa ya babu yake: fundo moja kwa kila siku kumi tangu Nairuzi, siku ya mwaka mpya. Likifika fundo la tisa, mpunga humwagwa kwenye mashamba ya ukingoni, na siku mbili tatu baadaye maji huja kuulea. Hakuna aliyepanda kabla Dhadho hajatamka.

Mwanaarusi peke yake hakufungua kibuyu. Alikuwa mjane, na ile ndiyo mbegu yake ya mwisho.

"Kaka Dhadho, mwaka jana, mwaka ilipopita mashua ya moshi, tulimwaga siku ya tisini. Maji yakaja siku ya mia na kumi. Walioshiba ni ndege."

"Mwaka jana mto ulipitiwa na usingizi."

"Na mwaka juzi? Usingizi gani huo, kaka, au ni maradhi?"

Dhadho akanuna. Wengine wakamwaga. Ndege wakashuka kama wageni wa harusi wasioalikwa. Siku ya mia, udongo ulikuwa umepasuka, watoto wanatafuna matunda ya mkoma, chakula cha njaa, na hakuna aliyemtazama Dhadho usoni.

Akawa anatembea kama mtu aliye chini ya maji. Babu alifunga kamba ile miaka themanini iliyopita, wala hakukosea. Basi labda mwaka wa mto huzidi kidogo zile siku mia tatu sitini na tano za kutoka Nairuzi hadi Nairuzi, kama mtumbwi uliokwisha kusimamishwa lakini bado unateleza. Tuseme robo ya siku. Miaka minne, siku moja. Miaka themanini? Akahesabu vidole vya mikono, vikaisha, akaingia vya miguu.

Ishirini.

Alfajiri ya siku ya mia na nane, alikuwa amechutama mtoni alipotokea Wario, Muorma, akinywesha ng'ombe.

"Mzee Dhadho, wafanya nini humo?"

"Nanawa miguu."

"Siku sita nakuona. Wanawa na fimbo yenye alama?"

Dhadho akaipapasa fimbo. "Ukipita kwa Mwanaarusi, mwambie afungue kibuyu leo."

"Nimwambie nani kasema, kamba au fimbo?"

Dhadho akaitazama fimbo. Maji ya udongo mwekundu yalikuwa yamepita alama yake ya juu, yakimshika kifundo cha mguu polepole, na ng'ombe waliendelea kunywa.