Betri Isiyosema Imebaki Kiasi Gani

Siku ya harusi ya mdogo wake, Mama Flashi aliamka na wasiwasi, na wala si kwa ajili ya bi harusi. Ilikuwa betri. Ile iliyokuja na kamera ilikuwa imechoka, ukiichaji inajaa, ukipiga picha kumi inakata. Mpya ya kampuni ileile bei yake ilikuwa ya kumtoa mtu machozi, kwa hiyo mumewe akaenda dukani akarudi na ya kampuni isiyojulikana, kwa robo ya bei, uso unamng'aa utadhani kaokota dhahabu. Na tuseme kweli, betri ilikuwa nzuri. Wiki nzima Mama Flashi aliijaribu, akapiga picha watoto, kuku wa jirani, mpaka masufuria, haikumwangusha. Ila kamera haikuitambua, basi pale pa kuonyesha chaji imebaki kiasi gani palikaa patupu.

Angelizoea, kama si Bwana Orijino. Huyu ni mpiga picha mwenzake, ambaye hata mkanda wa kuning'inizia kamera shingoni lazima uwe na jina la kampuni. Alipoiona ile betri alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akamwambia kwamba hizo zinapata moto, zinavimba, zinakata bila hodi, na zinachagua siku ya kukuaibisha. Maneno yakamwingia. Mtu akishatiwa wasiwasi, jamani, ajiambie nini tena kimsaidie?

Na hii haikuwa siku ya kukosea. Baba yao alikuwa amepooza upande mmoja, mtu wa kiti cha magurudumu. Kwa miezi alijifunza kusimama akishikilia ukingo wa kitanda, akifukuza watu chumbani wasimwone akianguka, kwa kuwa ameapa kumkabidhi binti yake wa mwisho akiwa wima. Bi harusi aliwataka wageni wote waache simu zao mlangoni, kwa picha dada yake anatosha. Kwa dada mwenyewe aliomba kitu kimoja tu.

"Zote zikikosekana sawa, dada. Nipigie ya baba amesimama."

Ukumbini Mama Flashi hakutulia. Anapiga mbili, anazima. Anawasha, anapiga moja, anazima, kubana chaji asiyoijua kiasi chake. Shangazi akamuuliza kama kamera ni mbovu. Mumewe akapita akamnong'oneza aiache tu iwake, betri ameijaza yeye mwenyewe. Akamjibu kwa mkato, akajuta, akazima tena. Kila akipapasa upande wa betri aliona kama pana joto. Bwana Orijino, ambaye naye alikuwa mwalikwa, alikuwa meza ya pili anamtazama na kutabasamu, na tabasamu lile lilimkera mno.

Baba alikuwa kitini karibu na mlango, kola imempinda. Mama Flashi akampiga picha moja. Mzee alipangiwa kusimama baada ya hotuba, na hotuba zilikuwa bado, kwa hiyo akaona hapo ndipo pa kuhakikisha kama betri ina joto kweli. Akafungua kifuniko, akaichomoa betri, akaifumbata kiganjani.

Ilikuwa baridi kabisa.

Wakati huohuo bi harusi alimwinamia baba yake kumnyoosha kola. Alimwambia nini, hakuna aliyesikia. Mzee akashika mkono wa kiti, akajisukuma, goti likatetemeka, na watu hawajaelewa vizuri, yuko wima, mrefu kama zamani, mkono wake mzima begani kwa binti yake. Ukumbi mzima makofi na vigelegele. Mama Flashi akahangaika na betri, akaiingiza kinyume, akaigeuza. Alipowasha, mzee alikuwa ameshakaa, anahema, anacheka na machozi yanamtoka. Akampiga picha hivyohivyo.

Baada ya hotuba mshereheshaji akamwita mzee asimame. Akajaribu, akajaribu tena. Miguu iligoma, na watu wakatazama sahani zao.

Bwana Orijino hakungoja. Akaja akamwambia mwenzake pole, imekata, si alimwonya? Mume wa Mama Flashi, aliyekuwa hapo pembeni, akainamisha kichwa. Ilikuwa rahisi kuitikia tu, na Mama Flashi alitamani kuitikia, Mungu anajua. Mara bi harusi akafika ameshika pindo la gauni, akaomba kuiona ile picha yake.

Akapewa kamera. Baba amekaa, kola imepinda. Akabonyeza. Baba amekaa, kola imenyooka, macho yamelowa. Akarudi nyuma, akaenda mbele.

"Ya katikati iko wapi?"

Bwana Orijino akadakia kwamba betri za bei chee ndivyo zilivyo.

"Betri ni nzima," akasema Mama Flashi. "Niliichomoa mimi."

Bi harusi hakumtazama. Aliendelea kubonyeza, kola imepinda, kola imenyooka, imepinda, imenyooka, labda akingoja kamera izime yenyewe apate kuiacha, na kamera wala haikuzima.