Aliyelia Stoo

Daktari wa akili alikuwa hatulii. Alikaa, akasimama, akafungua dirisha la ofisi, akalifunga tena kana kwamba hewa nayo imemkosea. Kesho fundi viatu mmoja, jina la utani Kimya, angepandishwa kizimbani kwa kuchoma maduka na kusababisha kifo cha mlinzi, na kilichomtia hatiani zaidi ni maneno ya daktari huyo huyo.

Ndiyo iliyokuwa kazi yake. Polisi wakikwama walimletea picha za tukio, naye akawachorea kwa maneno mtu wasiyemjua: tabia zake, hasira zake, hata utoto wake. Walimwogopa kidogo, walitaniana kwamba ukimsalimia vibaya atakutajia ulichoota jana. Na yeye, tuseme ukweli, kichwa kilishamvimba. Safari hii aliandika kwamba mchomaji alifungiwa stoo utotoni, akalia gizani mpaka sauti ikamkauka, na tangu hapo mlango uliofungwa humpandisha hasira. Kimya alipokamatwa alikana katakata. Daktari akaketi naye mara kadhaa, akimuuliza polepole kuhusu giza, kuhusu mlango. Mwishowe Kimya aliangua kilio, akakiri yote.

Lakini asubuhi hiyo mama yake Kimya alikuwa amemvizia daktari kwenye korido.

"Daktari, mwanangu anasema nilimfungia stoo. Stoo gani? Tumeishi chumba kimoja maisha yetu yote, kitanda, jiko na cherehani humo humo. Huyu amekulia mgongoni kwangu! Nani kamtia maneno hayo?"

Daktari alimwacha hapo, akarudi ofisini. Aliijua stoo hiyo. Aliyajua magunia ya mkaa, mwanga mwembamba chini ya mlango, na shangazi yake nje akiendelea kuosha vyombo. Hakuwahi kumsimulia mtu, alidhani ameshasahau. Miaka yote hiyo alichokonoa vichwa vya watu, chake hakukigusa. Aliona aibu, kisha hofu ikamshika: kabla ya Kimya, walikuwa wangapi?

Ndiyo maana sasa dirisha lilimshinda. Aliliacha wazi, akaenda kwa mkuu wa upelelezi.

"Afande, naiondoa ripoti yangu. Na yale aliyokiri, nimempandikizia mimi."

"Daktari, umeamka salama kweli? Bila hayo hatuna kitu."

"Basi hamna kitu. Na kesi zangu za nyuma zifunguliwe upya, zote."

"Unajichimbia kaburi."

"Najua. Niruhusu nimwone."

Kimya alikuwa kwenye kona ya mahabusu, magoti kifuani. Daktari alimweleza yote: kwamba hakufungiwa popote, kwamba mama yake yuko nje, kwamba huenda akaachiwa. Alitegemea angalau atashusha pumzi. Kimya alimkodolea macho kama mtu anayeporwa.

"Usinichezee, daktari. Nakumbuka. Niliukwangua mlango kwa kucha. Niliita, hakuja mtu."

"Hapakuwa na mlango, kaka yangu. Mama yako hakukuacha hata siku moja."

"Naisikia sauti mpaka sasa hivi!" "Kama si mimi, nani alikuwa analia mle ndani?"

Daktari alikaa chini sakafuni, karibu naye.

"Mimi," alisema.