Mstari wa Pili

Wanataka barua ya ukurasa mmoja. Niandike kwamba niliteleza, kwamba kazi zilinielemea, kwamba haitatokea tena. Nikishaifikisha kwa mkuu wa kitengo cha makazi, nitarudishiwa meza yangu kando ya ukuta wa ofisi ya uhamiaji, na mambo yataishia hapo. Mama anasema barua ya namna hiyo mtu huiandika huku akisubiri chai ichemke. Kwa miaka minne nimewaandikia watu barua za kila aina pale ukutani, za kuomba, za kulalamika, za kubembeleza. Hii moja imenishinda.

Kazi yangu ilikuwa kujaza fomu. Nilikuwa na meza ya mbao, kompyuta, na printa iliyopata umeme kwa waya mrefu kutoka kwa jirani yangu, mpiga picha za pasipoti. Wateja wangu wengi walikuwa wastaafu wa kigeni, wazee waliokuja kumalizia uzee wao kwetu. Sheria yao haina maneno mengi. Kila baada ya siku tisini, mstaafu ataarifu anaishi nyumba gani, chumba kipi, na nani. Akihama ataarifu, akilazwa hospitali ataarifu. Akichelewa anatozwa faini. Akidanganya, kibali kinafutwa na anarudi kwao.

Mzee Posta hakuwahi kuchelewa hata siku moja. Yeye na mkewe walikuwa wapangaji wa Mama kwa miaka kumi na moja, chumba namba tatu. Huko kwao alikuwa amesambaza barua kwa miguu miaka arobaini, na jina la Posta alijipa mwenyewe siku aliyoingia na masanduku. Walikuja kwa sababu kifua cha mkewe hakikuwezana na baridi. Lugha yetu waliivaa ikawakaa, yeye kwa utaratibu, mkewe kwa utani.

Siku ya tisini walikuwa wanakuja mezani pamoja, kila mmoja na pasipoti yake. Mstari wa kwanza wa fomu ulikuwa wa mzee. Wa pili, wa anayeishi naye.

"Umri hapo punguza mitano," bibi alikuwa akininong'oneza. "Nani atahesabu?"

"Andika ilivyo," mzee alisema bila kugeuka.

"Umemsikia? Hivi ndivyo nilivyoolewa, mjukuu wangu. Hata siku ya posa alinitajia uzito wake."

Mwaka jana, mvua zilipoanza, kile kifua kikamshinda bibi. Alifia chumba namba tatu, mchana, dirisha likiwa wazi. Tulimzika mlimani, kwenye makaburi ya mji.

Siku ya tisini ikafika. Mzee alikuja peke yake, pasipoti mbili mkononi. Mimi nina mtindo wangu wa kazi: nafungua fomu ya mara iliyopita, nabadilisha tarehe, nachapa. Nikaifungua. Jina la bibi likatokea kwenye mstari wa pili. Nilikuwa nimeshaweka kidole kwenye kitufe cha kufuta alipogusa kioo cha kompyuta.

"Mwache."

"Babu, sheria inataka tumwondoe. Cheti cha kifo tulitakiwa tukilete ndani ya siku kumi na tano."

"Cheti ninacho." Aligusa mfuko wa koti. "Najua sheria. Lakini nimebeba barua miaka arobaini. Barua ya mtu asiye na anwani tulikuwa tunaipiga muhuri mwekundu na kuirudisha. Ukimfuta hapo, hana anwani tena popote duniani. Mwache kwa mara hii."

"Babu, ni kosa."

"Nimekusikia. Mwache."

Mpiga picha alikuwa ametega masikio. "Dada, hiyo ni kesi."

"Piga picha zako."

"Napiga. Ile yako ya mahabusu nitakupigia bure."

Nilimwacha bibi alipokuwa. Afisa wa dirishani aligonga mihuri bila kuinua macho, akatoa vikaratasi viwili vya uthibitisho. Mzee aliazima stepla yangu, akakibana cha mkewe kwenye ukurasa wa pasipoti yake, pembe kwa pembe, kama alivyokuwa akifanya mkewe alipokuwa hai. Mara hii ikawa mara tatu.

Wakaguzi walikuja nyumbani Jumanne moja asubuhi. Wanazungukia nyumba za wastaafu, wanalinganisha fomu na vitanda. Mama alinipigia simu huku akihema, nikakimbia. Nilimkuta mkuu wa kitengo amesimama mlangoni pa namba tatu, faili kifuani. Kitandani palikuwa na mito miwili. Chini yake, ndara za kike zilikuwa zimetazama mlango.

"Mke wako yuko wapi, mzee?"

"Mlimani. Safu ya tisa, kaburi la kumi na nne. Ukiingia kwa lango la chini, pinda kulia kwenye bomba."

Alimwelekeza kama anayemwelekeza mfanyakazi mwenzake aliyepewa mtaa mgeni. Mkuu alivua miwani. Si mtu mbaya, lazima niseme. Aliifuta miwani kwa muda mrefu kuliko uchafu uliokuwepo.

"Tuseme hivi," alisema taratibu. "Huyu binti alinakili fomu ya zamani, akasahau kufuta mstari wa pili. Wachapaji hukosea. Ukikubali, naandika hivyo. Utalipa faini na utabaki hapa."

Nilirukia nafasi hiyo. "Ndiyo, mkuu! Ni mimi. Nilinakili tu, sikuangalia..."

"Hapana," mzee alisema. "Binti hakukosea. Aliniambia sheria. Mimi nilimwambia amwache."

"Mzee wangu," Mama alimsihi, ameshika kichwa, "neno moja tu! Utapungukiwa nini? Nani atamtembelea bibi kule juu kila siku?"

 Hapo ndipo mzee alipoketi ukingoni mwa kitanda, upande wake.

"Nikisema alisahaulika kufutwa," alisema, "nimekubali alistahili kufutwa. Siwezi. Andika ilivyo."

Mkuu akaandika ilivyo.

Mzee alipewa siku kumi na nne awe ameondoka nchini. Ofisini walichukua pasipoti ya bibi, wakaikata kona kwa mkasi, ndiyo kawaida yao kwa pasipoti ya marehemu. Mzee alikiokota kile kipembe juu ya meza, kidogo kama ukucha, akakitia mfukoni. Hakuna aliyemzuia. Siku hiyohiyo nami niliambiwa niondoe meza yangu.

Siku ya safari tulipanda mlimani pamoja. Alifagia kaburi, akanionyesha bomba linalovuja na jinsi ya kulikaza ili tope lisifike safu ya tisa. Tulipokuwa tunashuka nilisimama njiani. Kama ningebonyeza kile kitufe siku ya kwanza, angekuwa bado anapanda pale kila asubuhi. Nilifungua kinywa.

"Babu, naomba uni..."

"Usiniombe msamaha," alinikatiza. "Ukiniomba, unaniambia hukupaswa kumwacha. Umenielewa, mjukuu wangu?"

Nilisema nimeelewa. Sikuwa nimeelewa. Nilichoona ni mzee wa miaka sabini na tisa anayeingia kwenye teksi na sanduku moja, ilhali kwetu aliingia na manne.

Miezi mitatu imepita. Mama bado hajapangisha namba tatu. Bomba nimelikaza mara mbili. Juzi mleta barua, mama mmoja mnene mwenye haraka zake, alisimama mlangoni na bahasha yenye stempu za mbali. Mwandiko niliujua, ulikuwa wa mzee. Juu yake palikuwa na jina la bibi, chumba namba tatu, nyumba yetu, mtaa wetu, kila kitu mahali pake.

"Anaishi hapa huyu?" aliuliza. "Niambie upesi, nina mtaa mzima mbele yangu. Kama hayupo naigonga muhuri, irudi."

Muhuri ulikuwa tayari mkononi mwake. Na nilijua nikisema hayupo, barua itarudi kwa nani.

"Anaishi," nikasema. Nikatia sahihi.

Sikuifungua, si yangu. Nimeiweka kwenye droo ya namba tatu. Mama aliniona. Kisha akasema yale yale ya kila siku, kwa sauti ya chini kuliko kawaida: "Mwanangu, meza ile ndiyo iliyotulisha. Waandikie."

Nimewaandikia. Haikufika hata nusu ukurasa.

*Kwa Mkuu wa Kitengo cha Makazi. Nilipojaza fomu zile tatu nilijua bibi amefariki, kwa maana nilikuwepo alipozikwa. Nilijua sheria, kwa maana niliitaja kwa mdomo wangu. Sikuteleza. Sikusahau. Kazi hazikunielemea. Kama mnanirudishia meza kwa barua nyingine isiyokuwa hii, basi kaeni nayo. Siombi radhi.*