Picha ya Familia Iliyopigwa Pasi

Shemeji yake Bi Lenzi alijaliwa kipaji kimoja tu duniani, nacho ni kuanza mambo. Alianza kufuga kuku, kuku wakafa. Akaanza kuuza vichujio vya maji, watu wakaendelea kunywa maji yao vilevile. Sasa, na upara wake unaong'aa na kitambi cha mtu asiye na haraka, alikuwa ameanza kujifunza kuhariri picha, tena akijifunzia kwenye kiti cha Bi Lenzi.

Jina hilo la Bi Lenzi alipewa na wateja, kwa sababu studio ya picha ilikuwa yeye. Mumewe alishika leseni na funguo, basi. Kupiga, kusafisha na kuchapa vilikuwa vya mke. Shemeji naye alikuwa na lakabu yake, Kitaalamu, maana hakufungua kinywa bila kulitanguliza neno hilo.

"Kitaalamu, shemeji," alisema siku ya kwanza, akikibana kipanya cha kompyuta kama anakamua ndimu, "hii picha yako imepauka."

"Haijapauka. Ni mbichi."

Bi Lenzi akamweleza mara moja tu, tena akiwa amempa mgongo. Kamera ya maana haikupi picha iliyoiva. Inakupa kila ilichokiona, mwanga wote na vivuli vyote, vimelala pamoja bila ladha, ukaivishe mwenyewe kwenye programu. Upande wa kulia kuna vitufe vya kutelezesha, hiki cha mwangaza, hiki cha vivuli, hiki cha rangi, na kila kimoja unakisogeza kwa adabu. Ile mbichi yenyewe haiharibiki ufanye lolote. Ukibonyeza hapa inarudi ilivyotoka kwenye kamera.

Katika maneno yote hayo Kitaalamu aliokota moja: haiharibiki. Tangu hapo akawa anasukuma kila kitufe mpaka kigonge ukuta. Nyasi zikawa kijani cha ndoo ya plastiki. Meno ya watu yakawaka. Siku alipokigundua kitufe cha kulainisha ngozi, ndiyo basi tena, akawa amepata wito wake. Alilainisha maharusi, akalainisha wazee, akalainisha hata mtoto mchanga. Mtoto wa miezi mitatu ana mkunjo gani wa kunyooshwa?

Bi Lenzi alimtazama na kufurahi, na furaha yenyewe haikuwa njema. Neno moja lingetosha: punguza. Hakulisema. Kwa maoni yake mjinga hafundishwi, anaachwa ajianike mwenyewe juani.

Alikuwa na sababu. Mama mkwe wake alikuwa ametangaza kwamba mwanawe mdogo hawezi kukaa bure hali kaka yake ana studio. Mume, ambaye mbele ya mama yake hakuwahi kuinua shingo, akatoa hukumu ya kumfurahisha kila mtu: picha ya familia nzima, ile ya kutundikwa sebuleni kwa mama, ataihariri Kitaalamu. Familia ikiipenda, kiti cha kompyuta kitakuwa chake, na Bi Lenzi atahamia mbele kupokea wateja na kukata picha za pasipoti. Wasipoipenda, Kitaalamu akatafute jambo jingine la kuanza.

"Unakubali?" mume aliuliza, tayari kukimbia.

"Kwa mikono miwili," alijibu Bi Lenzi.

Picha aliipiga mwenyewe uani kwa mama mkwe, siku ya mawingu. Aliipiga giza kidogo makusudi, ili gauni jeupe la mama lisiungue kwa mwanga. Giza unaweza kuliondoa baadaye, lakini weupe ulioungua haurudi. Hilo Kitaalamu asingelijua hata angezaliwa mara mbili. Akaweka kamera kwenye miguu yake mitatu, akaiambia isubiri, akakimbia kusimama safu ya nyuma.

Jumapili familia ilijaa sebuleni. Bi Lenzi aliiunganisha kompyuta ndogo na televisheni kwa mikono yake, maana mpango wake ulikuwa rahisi: wacheke kwanza vioja vya Kitaalamu, kisha abonyeze, irudi ile ya asili, wazione nyuso zao na wamjue mwizi wao.

Picha ikatokea. Mungu wangu! Mama mkwe, mwanamke wa miaka zaidi ya sabini, alikuwa na uso kama yai la kuchemsha lililomenywa. Wifi yake alikuwa amebakiwa na pua kwa kubahatisha. Na siku ile ya mawingu ilikuwa imeota anga la buluu. Bi Lenzi aling'ata ulimi asicheke mapema.

Hakuna aliyecheka. Mama mkwe aliinuka, akaisogelea televisheni, akaligusa shavu lake kwenye kioo.

"Huyu ni mimi?"

"Ni wewe, mama," alisema Kitaalamu.

"Nilijua," mama alisema kwa sauti ndogo. "Nilijua bado nipo."

Wifi akapiga makofi, na sebule nzima ikamfuata. Bi Lenzi aliona kiti chake kinaondoka.

"Ngojeni!" alisema. "Mnadanganywa, na nyinyi mnapiga makofi! Tazameni ukweli." Akabonyeza.

Televisheni ikawa rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Watu wote wakafifia, wakawa majivu, mama mkwe na gauni lake wakazama kwenye kiza.

"Yesu!" wifi alipiga kelele. "Tumekufa?"

"Hii ndiyo picha yenyewe, kabla hajaichezea."

"Nani aliipiga?" aliuliza mama mkwe.

Bi Lenzi alifungua kinywa, na hakukuwa na mtu mwingine wa kumtaja. "Mimi. Lakini ni mbichi, mama. Ni kama unga, haujapikwa."

"Na wewe ulitaka tuulambe unga?" Mama aliwageukia wengine. "Kumbe miaka yote anatupiga hivi. Mwanangu ametukuta makaburini akatutoa."

Mume alivitazama viatu vyake. "Basi," alisema, akiviambia viatu, "kesho mdogo wangu atakaa kwenye kompyuta."

Watu wakaenda kula. Bi Lenzi alibaki na nyaya na hasira zake. Aliwadharau wote, mmoja mmoja na kwa jumla. Wameonyeshwa dhahabu, wamekumbatia bati! Aliirudisha picha ya Kitaalamu ili ahesabu makosa yake kwa utulivu, na ndipo alipouona uso mmoja safu ya nyuma ambao haukulainishwa. Ulikuwa wake. Mikunjo yote ilikuwepo, na mifuko chini ya macho.

Kitaalamu alirudi kuchukua miwani ya mama.

"Mimi ndiyo umeniacha hivi?" Bi Lenzi alimrukia. "Umenilipizia nini?"

"Sijakulipizia kitu, shemeji. Wewe ndiye uliyenihangaisha kuliko wote." Alivuta kiti, akaongea taratibu. "Mikunjo ilitoka yote. Sasa ikishatoka inabaki hii." Akauonyesha kwa kidole mdomo wa Bi Lenzi pichani. "Ukilainisha uso, hii inazidi. Nikaona bora niirudishe mikunjo, angalau watu waseme umechoka."

Bi Lenzi aliukuza uso wake mpaka ukajaa kioo. Watu wote waliitazama kamera. Yeye alikitazama kisogo cha Kitaalamu, aliyesimama mbele yake, na mdomo wa juu ulikuwa umepanda upande mmoja, pua imekunjwa, kama mtu aliyefunua sufuria akakuta mboga imechacha.

"Hivi ndivyo ninavyokutazama?"

"Mimi, mama, wateja," alisema Kitaalamu, bila kinyongo chochote. "Tumeshazoea, shemeji."

Akaichukua miwani, akaenda kunawa mikono ale.