Ndani ya Zawadi

Mtu akikuambia karatasi haiwezi kumfunga mtu mzima, mwambie aje aniulize mimi. Mimi nimefungwa na karatasi, tena ya maua mekundu, tena niliyoichagua mwenyewe dukani nikibishana na muuzaji kuhusu rangi. Na walionifunga walikuwa wakinipigia makofi.

Mimi ni mkutubi wa shule ya kati. Wanafunzi wananiita Mama Kitabu, walimu nao wakafuata, na siku hizi hata mkuu wa shule amelisahau jina langu la kweli. Kila mwisho wa mwaka maktaba yetu huwa na wiki ya furaha, na wiki hiyo ni mzigo wangu kuanzia gundi mpaka keki. Nafunga vitabu kwa magazeti ya zamani, juu naandika fumbo tu, "humu kuna mbwa mwongo na shangazi mwenye hasira," mtoto achague bila kujua anachobeba. Naweka chupa ya maharage wabahatishe zimo punje ngapi. Kuna mashindano ya kusoma kwa sauti za kuchekesha, na mwalimu wa hesabu hushiriki kila mwaka na kila mwaka hushindwa na watoto. Wale ambao mwaka mzima ukiwaonyesha kitabu wananuna kama umewapa dawa chungu, wiki hiyo wanagombea viti. Naipenda wiki hiyo. Nasema mapema, mtu asije akadhani nimeichoka kazi.

Miaka michache iliyopita kichwa changu hiki kisichotulia kilinituma nifunge mlango wa maktaba kama zawadi. Mlango wenyewe ni mpana, wa mbawa mbili, na unafungukia ndani. Kwa nje tunabandika karatasi kutoka juu ya fremu mpaka sakafuni, watoto wanaichora, utepe unapita katikati. Ndani tunabaki mimi na kikundi cha waimbaji. Mgeni rasmi akikata utepe, karatasi inapasuliwa, wimbo unaanza, na anayetoka wa kwanza ndiye zawadi. Hapo zawadi inatakiwa kukimbia uani ikipiga kelele, "Niacheni! Niacheni!" na shule nzima inaifukuza iiguse kabla haijafika kwenye ngazi za ofisi. Aliyeigusa anatangulia kuchagua kitabu. Zawadi ikipiga kelele sana ndiyo raha yenyewe. Mchezo huo nao niliubuni mimi, na wahenga walishasema, mchimba kisima huingia mwenyewe.

Sasa nina binti, mtoto wangu wa mwisho, tunamwita Kitinda. Siku yake ya kuzaliwa huangukia wiki hiyo hiyo, na tangu utotoni ameisherehekea kwa maputo yaliyobaki maktabani, yameshanywea. Alikuwa akikaa kwenye kiti cha wasomaji, miguu haifiki chini, ananisubiri nimalize na watoto wa wenzangu. Hakuwa mtoto wa kulia. Aliniambia mara moja tu, akiwa ameshakuwa mkubwa, tunaosha vyombo: "Mama, mimi kwako ni wa mwisho kuzaliwa na wa mwisho kuhudumiwa." Alisema akicheka, nami nikacheka. Lakini maneno yale yalinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Mwaka huu akapata kazi ya uuguzi nchi ya mbali, mkataba wa miaka, likizo Mungu ndiye ajuaye. Na ndege yake, kama vile kuna mtu alikaa akapanga kunikomoa, ikaangukia siku ya kufungua zawadi.

"Nenda tu kazini, mama," aliniambia. "Si mnamaliza asubuhi? Nitakupitia na teksi, unisindikize mpaka pale wanapokataza wasindikizaji."

"Safari hii wewe ndiye wa kwanza," nikamwambia. "Liwe jua, iwe mvua."

Akaniangalia. "Tutaona, Mama Kitabu."

Hakuwahi kuniita hivyo kabla ya siku ile.

Asubuhi ikafika, karatasi ikabandikwa, nasi tukiwa ndani. Mlango wa nyuma tulikuwa tumeuziba kwa makabati ili kupata nafasi ya keki. Madirisha yana nondo, kwa sababu kuna wanaoiba vitabu na hawavisomi. Simu yangu ilikuwa ofisini, maana kanuni ya kutoingia maktabani na simu niliiandika mimi na kuibandika ukutani kwa herufi kubwa. Waimbaji walikuwa wamepanga mstari, na mbele yao msichana mmoja wa darasa la chini wanayemwita Chiriku. Walimpa jina hilo kwa kumtania, kwa sababu hasemi. Mwaka mzima alikuwa akija kusoma kwenye kona, akiulizwa kitu anajibu kwa kichwa. Nilimbembeleza muhula mzima awe zawadi ya mwaka huu, na siku alipokubali nilikwenda nyumbani nikiimba. Mama yake alikuwa nje, ameomba ruhusa kazini aje amwone.

Kilichobaki ni mgeni rasmi, afisa wa elimu. Afisa hakutokea.

"Mama Kitabu," mkuu akasema nje ya karatasi, "mgeni yuko njiani."

"Njiani wapi, Mkuu?"

"Njiani tu. Subira huvuta heri."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo. Leo mwanangu anasafiri, nilikueleza."

"Najua, dada yangu, najua. Vumilia kidogo. Akifika akakuta zawadi imeshafunguliwa, mimi nitaiweka wapi sura yangu?"

Nikavumilia. Joto likapanda humo ndani, maputo yakaanza kupasuka yenyewe, na kila moja likipasuka watoto walishtuka kisha wakacheka, mpaka wakaacha kucheka. Mmoja akataka kwenda haja. Nikamwambia abane, Mungu anisamehe. Niliufungua mlango nikasimama nyuma ya karatasi, pua yangu karibu iguse gundi. Jua lilikuwa linaipiga kwa nje, nikawa naona vivuli vya watu wakipita, wakijipepea, wakikaa. Nilikuwa na hasira na kila kivuli. Nilimkasirikia afisa, nikamkasirikia mkuu na sura yake, nikayakasirikia hata maua mekundu.

Kisha nikasikia honi getini, na muda si mrefu kivuli kimoja kikaja moja kwa moja mpaka mlangoni. Sikuhitaji kuuliza ni cha nani. Nilikizaa mimi.

"Mama."

"Niko hapa, mwanangu."

"Dereva anasema kuna foleni mbaya. Tukikaa hapa ndege itaniacha."

"Mgeni anakaribia. Mkuu amesema yuko karibu kabisa."

"Toka tu, mama. Ni karatasi."

Ni karatasi. Kwani sikujua? Nikageuka. Chiriku alikuwa amefumba macho, midomo inacheza, anarudia maneno ya wimbo asiyasahau. Nyuma yake wenzake walikuwa wananiangalia mimi. Wiki nzima walilala kifudifudi sakafuni wakichora samaki na nyota kwenye karatasi ile, na mmoja alimchora mkutubi mwenye miwani na mdomo mkubwa.

"Dakika moja tu," nikasema.

Kivuli cha kiganja cha Kitinda kikaja kwenye karatasi, vidole vimetanuka. "Basi tuagane hapa hapa," akasema.

Nikaweka kiganja changu juu ya chake. Karatasi ilikuwa na joto. Nilikuwa na mambo ya kumwambia tangu alipokuwa anakaa kwenye kile kiti, na yote yalikuja mlangoni kwa pamoja yakakwama.

"Ule vizuri," nikasema.

"Nitakula, mama."

"Na sweta lile zito..."

"Nimelibeba." Akavuta pumzi. "Haya, mama. Watoto wako wanakusubiri."

Angesema kwa uchungu ningepata la kujibu. Alisema kwa upole, kama anavyosema na wagonjwa wake. Kiganja kikaondoka, na kivuli kikaenda kikipungua.

Nikasimama pale. Nikamsikia mkuu akipaza sauti, "Mgeni anaingia! Kila mtu mahali pake!" na papo hapo nikasikia mlango wa teksi ukifunguliwa. Nikajua kwamba nikisubiri mkasi wa afisa nitakuwa nimemsubirisha mwanangu maisha yake yote, na hata siku ya mwisho nisimfikie.

"Mama Kitabu, bado," Chiriku akasema nyuma yangu.

Nikaipasua. Niliingiza mikono yote miwili nikapita katikati ya samaki na nyota, utepe ukanishika kifuani, nikauvuta ukakatika. Nje mwanga ulinipiga machoni. Shule nzima ilikuwa imekaa uani. Kisha nyuma yangu waimbaji wakaanza, maana karatasi kupasuka ndiyo ishara yao, na uani mtoto mmoja akapiga kelele, "Zawadi!"

Wakaja. Jamani, walikuja wote. Nilikimbia nikielekea getini, wakanizunguka kabla sijafika popote, mikono mabegani, mikono kiunoni, mikono inavuta gauni.

"Niacheni!" nikasema. "Niacheni, nawaomba, niacheni!"

Wakacheka mpaka wakainama. Kadiri nilivyolia ndivyo walivyozidi kushangilia, wakasema mwaka huu Mama Kitabu ameweza. Niliita jina la mwanangu, likamezwa na wimbo. Juu ya vichwa vyao nilimwona. Alikuwa amesimama kando ya teksi, mkono mmoja juu ya mlango, amegeuka kututazama. Nilikuwa nalia, machozi yananitiririka mpaka kidevuni, lakini kutoka pale getini nani atapambanua? Akatabasamu. Akainua mikono yote miwili juu, akapiga makofi pamoja na wengine wote. Kisha akaingia garini.

Afisa alisema hajawahi kuona ufunguzi wa aina ile, na mkuu akaninong'oneza kwamba mwakani tufanye hivyo hivyo, tuwashtukize. Nilimkuta Chiriku ameketi chini ya fremu ya mlango, anabandua vipande vya karatasi vilivyobaki kwenye gundi. Mama yake alikuwa amesimama kando na mkoba wake.

"Ilikuwa zamu yangu," Chiriku akasema.

"Ndiyo, mwanangu," nikamjibu.

Ofisini nilikuta ujumbe kwenye simu. *Mama nimekuona ulivyotoka. Sijawahi kukuona umefurahi vile. Nashukuru Mungu sikukuharibia siku yako.* Nikampigia hapo hapo nimwambie sikuwa nacheza. Simu yake ilikuwa imeshazimwa.

Alipopiga kutoka huko alikuwa amefika salama, na nyuma yake nilisikia sauti za wasichana wengine, wauguzi wenzake. Alikuwa amewasimulia. Alikuwa anacheka, sauti yake nyepesi, sauti ya mtu asiyemdai mama yake kitu. "Naweka spika wakusikie, mama, hawaniamini," akasema. "Hebu waigizie ulivyokuwa unapiga kelele."

Nikashika simu kwa mikono miwili. Kule walikuwa wananisubiri.

"Niacheni," nikasema. "Niacheni, nawaomba, niacheni."

Wakacheka sana, na yeye akacheka kuliko wote.